Kifuniko Kilichoiva

Bakuli lilikuwa halina rangi, kama maji ya kisima. Kifuniko chake kilikuwa zambarau. Hiyo ndiyo ilikuwa kesi nzima, na kwa ajili yake mwanamke mmoja alikuwa kasho, mahabusu ya polisi, tangu jana. Inspekta Sidonie alivisogeza vyote viwili karibu na dirisha la ofisi, akavizungusha, akavitazama kwa juu, kwa chini na kwa ubavu, mpaka Faradji aliyekuwa amesimama mlangoni akaanza kukohoa kikohozi cha mtu aliyefunga duka lake bure.

"Mama Inspekta, unatafuta nini tena? Hata mutoto anaona hii kitu haifanani."

"Mutoto anaona rangi," Sidonie akasema. "Miye natafuta mwizi. Kaa, Bwana Faradji."

Faradji akakaa. Mtu mzima, mfanyabiashara, kofia yake safi, na matanga ya mama yake hayajatimiza hata siku arobaini. Pembeni yake alikaa Grégoire, mnunuzi wa vitu vya kale kutoka Bukavu, ambaye alikuwa amekuja Kasongo kutafuta vioo vya zamani na sasa ameitwa polisi kama shahidi. Kule kuitwa kulikuwa kumemfurahisha. Alikuwa ameinama juu ya meza kuliko hata mpelelezi mwenyewe.

"Hii ni mariage," Grégoire akasema.

Faradji akageuka kwa hasira. "Ya nani? Nyumba bado iko na msiba!"

"Ya bakuli na kifuniko, papa. Sisi watu wa vioo tunasema hivyo. Kifuniko kinavunjika, mutu anatafuta kifuniko cha bakuli lingine, anavioanisha. Vinakaa pamoja lakini havikuzaliwa pamoja."

"Ndoa nyingi ziko hivyo," Sidonie akasema, akaendelea kuhesabu.

Alikuwa anahesabu petali za ua lililochongwa kwenye kioo. Bakuli lilikuwa na petali kumi na nne. Kifuniko, kumi na nne. Akakiweka kifuniko juu ya bakuli, kikatoa mlio mdogo wa kioo, kikakaa. Akakisukuma kwa kidole. Hakikucheza hata kidogo.

"Kimekaa vizuri mno kwa mume wa kuokota," akasema. "Grégoire, ndugu wawili wa kweli wanaweza kutofautiana rangi?"

"Kidogo, ndiyo. Kifuniko ni chembamba, bakuli ni nene, basi bakuli linaonekana limekolea zaidi. Au vilimiminwa siku mbili tofauti. Nimeona bakuli la kijani cha majani na kifuniko chake cha kijani cha ndizi mbichi, na viko ndugu kabisa. Lakini hapa si kidogo. Hapa moja ni maji, nyingine ni kitunguu. Na fabriki ilitoa elfu za namna hii, kwa hiyo kukaa vizuri si ushahidi."

Sidonie alimpenda kwa jibu hilo. Shahidi anayejua mipaka ya ujuzi wake ni adimu, hasa Kasongo, ambako kila mtu ni daktari, wakili na imamu kwa wakati mmoja.

Akakigeuza kifuniko. Karibu na ukingo palikuwa na ufa mdogo, na juu ya ufa kipande cha sparadra, plasta ya hospitali, cha zamani, kimeng'ang'ania kama ngozi. Sparadra kawaida ni nyeupe au rangi ya mwili. Hii ilikuwa kahawia iliyoiva. Na kioo kizima kilikuwa na mikwaruzo myembamba, mipya, ya mtu aliyesugua kwa nguvu.

"Nieleze tena," akamwambia Faradji. "Pole pole. Clovis, andika."

Clovis, karani wake, akachukua kalamu. Faradji akaeleza. Bakuli lile lilitoka kwa babu wa babu, enzi za misafara. Mwaka wa vita, mama yake, Bi Asma, alilitenganisha: bakuli alilifungia katika sanduku la chuma hapa Kasongo, kifuniko akampa mdogo wake, Bi Aziza, aliyekuwa anakimbilia Kabambare. Alisema mwizi haibi nusu ya kitu. Na kweli, bakuli halikuibwa. Miaka ishirini na sita ikapita. Mwezi uliopita, mama akiwa kitandani, alimtuma Consolée, mwanamke kutoka Wamaza aliyekuwa anamuuguza, aende Kabambare kukileta kifuniko. Consolée akaenda, akarudi jioni mama akiwa amelala; asubuhi akasema kifuniko bado, Bi Aziza atakituma nyuma. Mama akafa. Baada ya mazishi, kifuniko kikapatikana chini ya kitanda cha Consolée, ndani ya bati la majivu, nacho kiko rangi hii.

"Kifuniko chetu kilikuwa cheupe kama bakuli," Faradji akamaliza. "Alikiuza njiani, akatuletea takataka. Nataka apelekwe parke kesho, kwa mwendesha mashtaka."

"Nani alikiona cheupe?"

"Mama mudogo Aziza mwenyewe! Tulimpigia simu hapa hapa."

Clovis akasoma katika PV yake, ile karatasi ya maelezo: "Bi Aziza, kwa njia ya simu, asema: kifuniko kilikuwa cheupe miaka yote."

"Simu ilikuwa inasikika?"

Clovis akajikuna shingo. "Inakatika-katika, mama. Lakini ile neno nilisikia."

Sidonie akaiweka PV pembeni. Alichukua shahidi mwingine kwanza, jirani aitwaye Anastasie, muuza mboga, ambaye aliingia akiwa na kiu ya kusema. Consolée alinunua kwake limau ishirini. Ishirini! Siku tatu mfululizo. Tena alimwona nyuma ya jikoni akisugua kitu kwa majivu, na alipomsalimia akakificha ndani ya pagne aliyojifunga. Mtu asiye na hatia anaficha nini ndani ya pagne?

"Mambo mengi," Sidonie akamjibu. "Asante, mama."

Kisha akaagiza Consolée aletwe.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mikono ya kazi. Alikaa kwenye ukingo wa benchi kana kwamba benchi lina mwenyewe.

"Consolée, hii kifuniko ndiyo ulipewa Kabambare?"

"Ndiyo, mama."

"Hukubadilisha njiani?"

Kimya.

"Ulisugua ju ya nini?"

Consolée akaweka mikono mapajani, Sidonie akaitazama. Ncha za vidole na kucha zilikuwa kahawia, zimeanza kufifia.

"Hiyo ni hina?"

"Hapana."

"Tumbako?"

"Hapana, mama." Akavificha vidole. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Mama Inspekta, andika tu kama niliiba."

Kalamu ya Clovis ikasimama.

"Ulisema nini?"

"Andika tu niliiba. Nitie alama ya kidole, yaishe."

Haya jamani. Miaka kumi na tisa ya kazi Sidonie alikuwa amewaona wezi wakikana huku kuku bado analia ndani ya gunia. Mtu anayeomba wizi kama anayeomba chumvi kwa jirani, huyo alikuwa wa kwanza. Na mtu anayekubali wizi haraka hivyo, ama ni mwizi, ama kuna kitu anakiogopa kuliko gereza. Wizi unajulikana. Hicho kingine ni nini?

Hakuandika. Katika daftari lake aliweka mistari miwili tu: *Sparadra, kahawia. Vidole, kahawia.* Akaipigia mstari yote miwili. Kifuniko akakifungia kabatini, kwa sababu njia ya Kabambare haibebi kioo mara tatu, ufunguo akautia mfukoni, na alfajiri akapanda pikipiki.

Hakupanda pikipiki yoyote. Alimtafuta Roger, motari yule yule aliyempeleka Consolée.

"Mulisimama wapi?" alimuuliza wakiwa wanavuka daraja la magogo.

"Lusangi, mama. Masaa mbili. Pneu ilipasuka."

Masaa mawili Lusangi! Pale kuna wachimbaji, kuna wanunuzi wa kila kitu kinachong'aa. Kama kuna mahali pa kuuza kifuniko na kununua kingine, ni pale. Sidonie akamwambia asimame pale pale walipoziba pneu. Palikuwa na mgahawa wa mabanzi, mwenyewe mama mmoja mnene aitwaye Nadine.

"Yule wa kifurushi?" Nadine akacheka. "Namukumbuka. Alikula bugari kwa mkono mumoja! Mkono ingine iko imekamata ile kifurushi. Namuambia, weka chini, mama, hapa hakuna mwizi. Anasema, si yangu, ni ya mugonjwa. Hata choo alienda nayo."

"Alikifungua?"

"Hata mara moja. Ilikuwa imefungwa na kamba, fundo kama ya mbuzi."

Basi shaka ya Lusangi ikafa. Sidonie alikuwa anamaliza chakula chake, anataka kulipa, alipoona mikono ya Nadine ikiingia katika beseni la nyanya. Maji ya beseni yalikuwa zambarau. Mikono ikatoka, na kucha zilikuwa kahawia.

Sidonie akaweka kijiko chini.

"Mama Nadine, hiyo maji ni nini?"

"Permanganate. Muuguzi alituonyesha, ju ya kolera. Unatia punje kidogo, unaloweka mboga, microbe zinakufa. Lakini inachafua mikono, ona! Wiki nzima haitoki."

"Na nguo?"

"Inaharibu. Inakuwa kahawia."

"Na glasi?"

Nadine akamtazama kama mtu anayeuliza kama moto unachoma. "Glasi unasuuza, inatakata. Glasi itashika rangi wapi?"

"Lete moja tuone."

Wakaloweka glasi ya chai katika beseni lile, Roger akawa anatazama saa yake na kuguna. Baada ya robo saa wakaitoa, wakaisuuza. Ilikuwa safi kama ilivyoingia. Sidonie akalifungua daftari, mbele ya neno *kahawia* akaandika *permanganate*, na chini yake: *lakini zambarau si yake.* Sasa alijua kitu ambacho Consolée alikuwa hakijui. Bado hakujua rangi ilitoka wapi.

Kabambare waliingia jua likiwa bado juu. Nyumba ya Bi Aziza ilikuwa kando ya barabara, na mbele yake meza, na juu ya meza chupa kubwa ya mdomo mpana, imejaa karanga za kukaanga. Juu ya chupa palikuwa na sahani ya plastiki.

"Hodi."

"Karibu, mwanangu. Karanga?"

"Salamu kwanza, Bi Aziza. Natoka Kasongo, ni wa polisi. Pole kwa dada."

Bi Aziza, mwanamke mdogo aliyekauka, macho makali, akamfungulia mkeka na kumpa maji kabla ya kuuliza lolote. Sidonie akanywa, akamsomea ile PV ya Clovis, neno kwa neno. Alipofika *kilikuwa cheupe miaka yote*, bibi akainua mkono.

"Nani kasema cheupe?"

"Wewe, bibi. Kwa simu."

"Astaghfirullah! Mimi nilisema *peupe*. Faradji aliniuliza, kifuniko ulikiweka wapi, nani alikuwa anakifikia. Nikamwambia kilikuwa peupe miaka yote! Peupe, hapa, mezani, juani, kila mtu anakiona. Kilifunika chupa hii ya karanga toka tulipofika. Cheupe! Huyo aliyeandika ana pamba masikioni?"

Sidonie alicheka, akajizuia, akacheka tena. Herufi mbili tu, na mtu kalala kasho!

"Basi kilikuwa rangi gani, bibi?"

"Kilipokuja kilikuwa maji matupu. Mwaka wa kwanza, wa pili, hatukuona kitu. Halafu kikaanza. Kidogo, kidogo, kama mtu anayeona haya. Wateja wakawa wananitania: Bi Aziza, kifuniko chako kinaiva, tutakila lini? Mimi nikawaambia, subirini, bado kichachu." Akaifunua chupa, akaweka karanga katika kiganja cha mgeni wake. "Ni jua, mwanangu. Jua lilikipika. Chupa hii ni ya juzi juzi, haiivi. Lakini vioo vya wazee vina mambo yao."

"Na siku uliyompa Consolée?"

"Kilikuwa kimeiva kabisa. Nilikifunga mwenyewe kwa kitambaa na kamba, kwa sababu ya njia."

Ushuhuda mzuri. Lakini Sidonie alijua Faradji atasema nini: mama mdogo ni mzee, mama mdogo anamwonea huruma mwenzake. Maneno yanakatika njiani kama simu. Alitaka kitu ambacho hakina mdomo.

"Ile sparadra, bibi. Ulibandika lini?"

"Mwaka ule ule tuliofika. Kilianguka, kikapata ufa. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa msaidizi pale dispansari, akaibandika. Haikutoka tena."

"Kabla hakijaiva?"

"Kabla, mwanangu. Kilikuwa bado maji."

Sidonie akasimama ghafla hata Roger akadhani kuna nyoka. Kama ni jua lililokipika, basi chini ya ile sparadra jua halikuwahi kuingia. Pale patakuwa pabichi. Na kama Bi Aziza anadanganya, au kama kifuniko hiki kilitengenezwa zambarau tangu fabriki, basi chini ya sparadra nako kutakuwa zambarau, na Consolée atakwenda parke. Hakukuwa na njia ya tatu. Akamwambia Roger watalala hapa, waondoke kabla ya adhana.

Siku ya pili, saa nane mchana, wote walikuwa ofisini, wamekaa kama mara ya kwanza. Clovis alipewa PV yake na kuambiwa aisome tena kwa sauti, halafu akaambiwa ukweli. Aliinamisha kichwa. Sidonie hakumsema zaidi. Maji ya moto yalikuwa tayari.

Akaeleza atakachofanya kabla ya kukifanya, ili asije mtu akasema ni mazingaombwe. Akamwambia Grégoire ahakikishe sparadra haijaguswa. Grégoire akaitazama kwa kioo chake cha kukuzia, akasema ni ya zamani, gundi imekuwa kama jiwe. Wakaweka kitambaa cha moto juu yake. Wakangoja. Faradji akatoa tasbihi, akairudisha. Clovis akaingiza wembe chini ya ukingo, taratibu, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika.

Sparadra ikatoka.

Grégoire akakinyanyua kifuniko dirishani. Katikati ya ile zambarau palikuwa na kipande chenye umbo la sparadra, kingo zake zimenyooka, na ndani yake mwanga ulipita bila rangi yoyote. Grégoire akaweka bakuli nyuma yake. Kipande kile na bakuli vilikuwa kitu kimoja.

"Mama yangu!" akanong'ona. "Si mariage. Hawa ni ndugu wa tumbo moja. Mumoja alikaa ndani, mumoja alikaa juani."

Faradji alikipokea kifuniko kwa mikono miwili. Alipitisha kidole juu ya pale peupe mara mbili, tatu.

"Basi ju ya nini alikificha?" akauliza, na safari hii hakuuliza kwa ukali.

"Tutamuuliza yeye."

Consolée akaletwa. Sidonie alimkalisha kwenye kiti badala ya benchi.

"Nitasema mimi, wewe unirudishe kama napotea. Ulifika kutoka Kabambare jioni. Ulifungua kifurushi kwa mwanga wa taa, rangi hukuiona vizuri. Muuguzi alikuwa amekuambia vyombo vyote vya mugonjwa vioshwe na permanganate. Ukakiloweka usiku kucha."

Consolée akainua macho.

"Asubuhi ukakitoa, ukakiweka karibu na bakuli. Ukaona zambarau. Ukasema: nimekiharibu."

"Nilisugua," Consolée akasema. Machozi yalikuwa yanashuka, hakuyafuta. "Nilisugua na limau, na majivu, na mchanga wa mto. Haitoki! Kitu ya wazee wao, vita ilipita haikukiharibu, miye nakiharibu kwa siku moja. Nilisema heri waniite mwizi. Mwizi anafungwa, anatoka. Lakini kumwambia mama nimeharibu kitu yake..."

Wazee walisema mficha uchi hazai, na kweli, kimya kile kilikuwa karibu kumzalia gereza.

"Hukuharibu kitu," Sidonie akasema, polepole, ili kila neno lifike. "Permanganate haishiki kioo. Ni jua la Kabambare. Ulikipokea hivi hivi. Ukakileta kizima."

Faradji akapiga goti moja mbele ya kiti. Mwanaume yule mwenye duka! "Consolée, dada yangu. Nilikutendea vibaya. Nisamehe. Simama, twende nyumbani."

Clovis akafungua mlango. Nje kulikuwa na jua na watu wa soko, na Anastasie na wenzake wamesimama wakijifanya wanapita. Consolée hakusimama.

"Kilikuwa kizima?" akamuuliza Sidonie.

"Kizima."

"Toka siku ya kwanza? Hata ningemupelekea ile asubuhi?"

"Toka siku ya kwanza."

Consolée akaweka mikono yake usoni, ile mikono ya kucha za kahawia, na maneno yakatoka kati ya vidole.

"Siku tisa aliniuliza. Kila asubuhi, mbele ya chai. Consolée, kifuniko kimefika? Namwambia, bado mama, njia ni mbaya. Nacho kiko pale, chini ya kitanda, hatua tatu. Anasema, sitaki hata kukiona, macho hayako mazuri. Nataka kusikia tu kikikaa." Akashindwa, akaanza tena. "Siku ya kumi hakuuliza."